Uzi: Gari la haibridi la AWD kwenye mlima wenye barafu, linaweza nini na haliwezi nini

Kilimani_Duluth (mtoa mada)

Salaam wanajukwaa.

Kila inapokaribia Novemba, Waswahili tunaoishi kwenye majimbo ya kaskazini ya Marekani na wenzetu wa Kanada huulizana swali moja: je, gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, linalosukumwa na magurudumu yote manne, yaani AWD, litaupanda mlima ulioganda barafu au litatuacha njiani? Muuzaji akiulizwa husema litapanda, na mnunuzi huondoka ameridhika. Jibu hilo ni la kweli kwa upande wa kupanda, na hata huko lina masharti yake. Kuhusu kushuka na kusimama halisemi lolote, na huko ndiko watu wanakoumia. Ndiyo maana nimefungua uzi huu, na ninawaomba wenye uzoefu waongeze au wanipinge kwa hoja.

Ninaishi Duluth, Minnesota, mji uliokaa ubavuni mwa kilima kinachoteremka hadi Ziwa Superior. Barabara nyingi zinazotoka upande wa ziwani zimenyooka kuelekea juu bila kukizunguka kilima, kwa hiyo dereva hukabiliana na mwinuko wote kwa mkupuo mmoja. Theluji ikiyeyuka mchana, maji hutiririka juu ya lami, na usiku huganda yakawa tabaka jembamba linalong'aa, ambalo mtu akilimulika kwa taa za gari hudhani ni unyevu tu. Chumvi inayomwagwa barabarani husaidia hadi kwenye nyuzi kama 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, chumvi hufanya kazi polepole mno na tegemeo hubaki mchanga.

Tuanze na kilichomo ndani ya gari, kwa sababu magari haya hayafanani ijapokuwa yote yameandikwa AWD nyuma. Kuna mfumo wa Toyota na Lexus ambao Wajapani huuita E-Four, ulioanza na Estima Hybrid mwaka 2001. Mbele kuna injini pamoja na mota zake, nyuma kuna mota ya umeme inayojitegemea, na katikati hakuna propela shafti, yaani ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu nyuma. Kinachounganisha mbele na nyuma ni nyaya za umeme na kompyuta. Kuna magari kama Honda CR-V ya haibridi na Subaru Forester e-Boxer, ambayo bado hupeleka nguvu nyuma kwa propela shafti kama gari la kawaida. Halafu kuna kundi la Mitsubishi Outlander PHEV (haibridi ya kuchajiwa kwa umeme wa nyumbani) na Nissan X-Trail e-4ORCE, lenye mota kubwa mbele na nyingine kubwa nyuma. X-Trail iliyotoka mwaka 2022 ina mota ya kilowati 150 mbele na ya kilowati 100 nyuma, na injini yake haizungushi magurudumu kabisa. Kazi yake ni kuzalisha umeme.

Watu wengi husoma ukubwa wa mota ya nyuma na kuidharau. Prius AWD-e iliyoingia soko la Marekani ikiwa modeli ya 2019 ilikuwa na mota ya nyuma ya kilowati 5.3 tu, na ilikuwa ikiacha kusukuma gari linapopita mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa. RAV4 ya haibridi ya mwaka huo huo ina mota ya nyuma ya kilowati 40, na Prius ya 2023 imepandishwa hadi kilowati 30. Kabla ya kucheka zile kilowati 5.3, naomba tufanye hesabu pamoja.

Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 1,700 pamoja na abiria, kwenye mlima wa asilimia 15, yaani kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 15. Uzito wa gari unalivuta kurudi chini kwa nguvu ya takriban nyutoni 2,500. Tuseme barabara ina theluji iliyoshindiliwa na kuanza kugeuka barafu, na matairi ya majira ya baridi yanapata mshiko wa 0.2, yaani yanaweza kusukuma kwa sehemu 0.2 ya uzito unaoyakandamiza; kwenye lami kavu mshiko huwa karibu 0.8. Matairi yote manne kwa jumla yanaweza kusukuma kwa nyutoni 3,300 hivi kabla hayajaanza kuteleza. Kwa kuwa mbele ya gari hubeba zaidi kidogo ya nusu ya uzito, magurudumu ya mbele yanapata kama nyutoni 1,800 na ya nyuma kama 1,500. Gari linalovuta kwa mbele peke yake lina 1,800 dhidi ya 2,500, kwa hiyo litabaki chini likizungusha matairi. Gari la AWD lina 3,300 na litapanda. Mota ya nyuma inatakiwa kuchangia nyutoni 700 tu ili gari lipite.

Mota ya kilowati 5.3, gari likitambaa kwa kilomita 10 kwa saa, inaweza kutoa hadi nyutoni 1,900, ambazo ni nyingi kuliko mshiko wa matairi ya nyuma yenyewe. Mwendo ukifika kilomita 40 kwa saa, mota hiyo hiyo haifikishi nyutoni 500, kwa sababu kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo nguvu ya msukumo inavyopungua kwa kilowati zile zile. Mota ya kilowati 40 kwenye mwendo huo wa 40 inatoa 3,600. Maana yake ni kwamba mota ndogo inatosha kabisa kung'oa gari kwenye taa za barabarani na kulipandisha polepole, ila haitakuokoa ukiwa umeshika mwendo mlimani.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu. Barabara iwe barafu tupu iliyolowa, mshiko ushuke hadi 0.1. Matairi yote manne yanapata nyutoni 1,650 dhidi ya 2,500. Hapo hakuna gari litakalopanda, liwe la bei yoyote na mota za ukubwa wowote, mpaka mchanga umwagwe au matairi yafungwe minyororo. Kompyuta hugawanya mshiko uliopo, na haina namna ya kuuongeza.

---

MamaWawili_Montreal

Kaka mtoa mada, ahsante kwa maelezo haya. Hesabu ya mwendo na msukumo sijawahi kuelezwa na mtu yeyote niliponunua gari.

Mimi ninaendesha Prius AWD-e, na kwa kupanda sina malalamiko. Huku Quebec, jimbo la Kanada lenye mji wa Montreal, sheria inatulazimisha kuwa na matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, hivyo suala la matairi sina hiari nalo, na ninashukuru kwamba sina. Kinachonitisha ni kushuka. Kuna mteremko karibu na ninapoishi ambao unaishia kwenye makutano. Ninakanyaga breki taratibu, gari linaitikia vizuri, kisha ghafla kanyagio linatetemeka chini ya mguu, sauti ya kukereza inatoka mbele, na kwa kitambo kifupi ninahisi kama gari limeachiwa na kuruka mbele. Baada ya hapo breki hurudi. Nimelipeleka gereji na nimeambiwa halina ubovu wowote. Je, ni kweli? Na je, ile B kwenye gia niitumie au niiache?

---

Kilimani_Duluth (mtoa mada)

Dada, nitajibu kwa kirefu kwa sababu hili ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi.

Unapokanyaga breki polepole kwenye gari la haibridi, sehemu kubwa ya kazi haifanywi na pedi za breki. Mota hugeuka kuwa jenereta, hurudisha umeme kwenye betri, na ukinzani wake ndio unaolipunguza gari mwendo. Kwa aina ya gari lako kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye magurudumu ya mbele. Gurudumu moja likianza kuteleza juu ya barafu, ABS, yaani mfumo unaozuia breki zisifunge magurudumu, huamka, na kompyuta huiondoa breki ya mota na kukabidhi kazi yote kwa breki za mafuta, kwa kuwa hizo zinaweza kubana na kuachia kila gurudumu peke yake mara nyingi ndani ya sekunde moja. Makabidhiano hayo ndiyo unayoyahisi. Mwaka 2010 Toyota iliita zaidi ya magari 400,000 duniani, Prius za modeli ya 2010 zikiwamo, ili kurekebisha programu inayosimamia jambo hili hili, kwa sababu madereva walikuwa wakilalamika kwamba breki hubadilika ghafla kwenye barabara mbovu au yenye utelezi wakati ABS inapofanya kazi. Magari ya sasa yana makabidhiano laini zaidi, lakini hayajaisha kabisa, na kwa gari lako ninaona gereji wamekwambia kweli. La kufanya ni kutoinua mguu. Wengi wakihisi mruko ule huachia kanyagio kwa mshtuko na kulikanyaga upya, na hapo hupoteza mita wasizo nazo.

Kuhusu B: kwenye gari lako B hufanya injini izungushwe bila kuchoma mafuta ili kupunguza mwendo. Ni msaada mzuri kwenye mteremko mrefu, kwa kuwa betri ikijaa haiwezi tena kupokea umeme na breki ya mota hupungua. Iweke ukiwa bado sehemu bapa na mwendo ukiwa mdogo. Usiiweke katikati ya mteremko wenye barafu, kwa sababu ukinzani huo unaingia ghafla kwenye magurudumu ya mbele ambayo ndiyo yanayokuongozea gari, na yakiteleza hayatasikiliza usukani.

Sasa nirudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo AWD haina msaada wowote. Kila gari duniani lina breki kwenye magurudumu manne, kwa hiyo kusimama kwa gari lako la AWD ni sawa na kusimama kwa gari la jirani linalovuta kwa mbele likiwa na matairi yale yale. Mteremko wa asilimia 15 wenye mshiko wa 0.1 hauruhusu gari kusimama. Uzito unalivuta chini kwa nguvu kubwa kuliko breki zote nne zinavyoweza kulizuia, na gari litaendelea kuongeza mwendo ijapokuwa umekanyaga breki hadi mwisho. Likianza kuteleza kutoka mahali liliposimama, baada ya mita 50 litakuwa kwenye kilomita 25 kwa saa. Kwa mteremko unaoishia kwenye makutano, uamuzi hufanywa juu kabla ya kushuka. Mimi barabara ya namna hiyo huizunguka, hata ikiniongezea dakika kumi.

---

Baridi_Trondheim

Ndugu mtoa mada, nakubaliana na mengi, lakini kuna jambo umelipitia haraka nalo ndilo zito kuliko mota zote ulizozitaja, nalo ni hali ya barafu yenyewe.

Ninaishi Trondheim, Norway, na ninaendesha Outlander PHEV ya kizazi cha kwanza, yenye mota mbele na nyuma. Mtu aliyetoka kwetu hudhani kwamba baridi ikizidi utelezi nao huzidi. Ni kinyume chake. Barafu iliyo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ni kavu na tairi nzuri huishika kwa kiasi cha kuridhisha. Hatari kubwa iko kwenye sifuri yenyewe, pale juu ya barafu panapokuwa na utando wa maji. Ninaweza kupanda mlima wetu kwa amani mwezi wa Januari, na mlima huo huo ukanishinda mwishoni mwa Machi saa moja asubuhi. Kabla ya kuanza kupanda, ninaangalia kipimajoto cha gari kwanza, halafu ninajaribu breki kidogo nikiwa sehemu bapa ambapo hakuna mtu mbele wala nyuma, ili nijue barabara ikoje siku hiyo. AWD humficha dereva ukweli huo, kwa sababu gari linaondoka vizuri bila kuteleza na dereva hudhani barabara ina mshiko. Anakuja kujua haina pale anapotaka kusimama.

Pili, matairi. Norway wakati wa majira ya baridi meno ya tairi yanatakiwa kuwa na kina kisichopungua milimita 3, na tunaruhusiwa kufunga matairi ya misumari, ijapokuwa miji kama Oslo, Bergen na Trondheim hutoza ada kwa mwenye kuyatumia, kwa kuwa misumari hukwangua lami na kutoa vumbi. Kwenye barafu iliyolowa hakuna tairi la mpira mtupu linalofikia la misumari. Mtu mwenye gari la kawaida linalovuta kwa mbele, lenye misumari, atasimama kabla yangu kama mimi nina AWD na mpira mtupu. Hili nimelishuhudia mlimani kwetu mara nyingi.

Tatu ni kwa wenye magari ya kuchaji nyumbani. Ikiwa nyumba iko juu ya kilima na umechaji betri ikajaa usiku, ukianza kushuka asubuhi betri haina nafasi ya kupokea umeme, na breki ya mota uliyoizoea inakuwa dhaifu. Outlander ina ngazi za breki ya mota kuanzia B0 hadi B5, na dereva aliyezoea kushuka kwa B5 bila kugusa kanyagio anaweza kushtuka. Mimi huacha nafasi kidogo kwenye betri. Vilevile situmii B5 kwenye barafu. Ninashuka na ngazi za chini na mguu wangu uko juu ya breki.

---

FundiNjiro_Arusha

Habari zenu ndugu zangu mlio kwenye baridi.

Mimi ni fundi, na huku kwetu barafu ya barabarani hatuna, lakini mfumo mnaoujadili tunaufungua kila wiki. Harrier za haibridi zilizotoka Japani kuanzia mwaka 2005, zenye injini ya lita 3.3 na mota ya nyuma ya kilowati 50, zimeingia Tanzania na Kenya. Wateja wangu huzipandisha kwenye milima yenye tope la mfinyanzi baada ya mvua, na mambo mengine yanafanana na mnayoyasema. Naomba niongeze mambo ya kifundi.

La kwanza ni joto. Mota ya nyuma ya E-Four imekusudiwa kusaidia kwa vipindi. Haikutengenezwa kuvuta kwa saa nzima. Dereva akikwama mlimani na kuendelea kukanyaga eksileta huku magurudumu yakizunguka, mota hiyo hupata moto, kompyuta huipunguzia nguvu au kuizima, na kwenye magari mapya dashibodi huandika kwamba AWD imepata joto na gari limerudi kwenye magurudumu mawili. Hapo gari halijaharibika. Simama mahali salama, acha gari likiwa limewaka, subiri mota ipoe, na mfumo utarudi wenyewe. Mteja wangu mmoja aliliona gari lake likigoma namna hiyo akadhani betri kubwa imekufa, na fundi mwingine alikuwa tayari amempa bei ya kubadilisha betri nzima.

La pili wengi hawalijui kabisa. Kwenye gari lenye propela shafti, ukiweka P, kule kufungwa kwa gia huweza kufika hata magurudumu ya nyuma kupitia shafti. Kwenye E-Four hakuna shafti, kwa hiyo P hufunga magurudumu ya mbele peke yake, na ya nyuma yako huru kabisa mpaka uvute hendibreki. Mkiegesha kwenye mlima wenye barafu huku pua ya gari ikitazama juu, uzito umehamia nyuma na mbele pamekuwa pepesi, yaani gari linashikiliwa na yale matairi yenye mshiko mdogo. Wekeni P na hendibreki pamoja kila mara, na geuzeni magurudumu ili gari likiteleza lipige ukingo wa barabara badala ya kuteremka na mlima.

La tatu ni kurudi nyuma. Toyota za haibridi hazina gia ya rivasi ya chuma. Rivasi ni mota kuzunguka upande wa pili, na injini haisaidii kusukuma. Kwa hiyo yule anayepanga kupanda mlima kwa rivasi, kama walivyofanya wazee na magari ya zamani, asitarajie nguvu ile ile ya kwenda mbele.

---

MamaWawili_Montreal

Fundi, hilo la P limenifumbua macho, kwa kuwa nimekuwa nikiegesha kwenye mlima kwa P peke yake tangu nilipolinunua gari.

Naomba na mimi niongeze la huku Kanada. Kwenye RAV4 za haibridi za AWD za miaka ya 2019 hadi 2022, waya mkubwa wa umeme unaokwenda kwenye mota ya nyuma umepita chini ya gari, na kiungio chake kilicho karibu na mota kilikuwa kinaingia maji ya chumvi na kuoza. Kikioza, gari huonyesha onyo na mfumo huweza kukataa kufanya kazi, na kubadilisha waya huo ni gharama kubwa. Toyota ilitoa mpango wa kuongeza muda wa dhamana kwa waya huo Kanada na Marekani. Mwenye gari la miaka hiyo, hasa akilinunua mkononi mwa mtu, aombe gereji ikikague kiungio hicho kabla hajalipa, na amuulize muuzaji kama waya ulishabadilishwa.

---

Mgeni_Minneapolis

Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi nina mwaka wa kwanza Minnesota. Nimenunua RAV4 ya haibridi ya AWD iliyotumika, na ina matairi ya misimu yote yaliyoandikwa M+S. Aliyeniuzia alisema yanatosha. Mwezi ujao nitaanza kwenda Duluth mara kwa mara kwa kazi. Ninaomba kujua mambo mawili: je, matairi haya yanatosha kweli, na gari likianza kuteleza katikati ya mlima nibonyeze kitufe gani? Nimeona kuna Trail, na nimeona kuna cha gari lenye alama za kuteleza.

---

Kilimani_Duluth (mtoa mada)

Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya safari.

Matairi hayo hayatoshi kwa Duluth. M+S ni maneno yanayoeleza umbo la meno ya tairi, na hayathibitishi kwamba tairi lilipimwa kwenye theluji. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ambayo tairi haipewi bila kufaulu kipimo cha kuvuta kwenye theluji. Hata hiyo haipimi barafu, kwa hiyo miongoni mwa yenye alama hiyo chagua yale yaliyotengenezwa mahsusi kwa majira ya baridi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na wa majira ya baridi hubaki laini na kuikamata barabara. Misumari anayoisifu ndugu yetu wa Trondheim sheria ya Minnesota hairuhusu kwa wakazi wa kawaida. Funga yote manne. Kufunga mawili ya mbele tu kwa kubana matumizi huifanya sehemu ya nyuma ya gari itangulie kuteleza kwenye kona ya mteremko.

Kuhusu vitufe, nitakueleza ninachofanya mimi kwa utaratibu wake. Ninaposubiri chini ya mlima, ninaacha gari la mbele lifike juu kabisa ndipo nianze, kwa sababu likikwama nami nikasimama nyuma yake, nimepoteza mwendo wangu wote bila sababu. Ninaanzia sehemu bapa, ninashika mwendo mdogo usiobadilika, na mguu haupandi wala haushuki ghafla. Mota ya umeme ina faida kubwa hapa: haina gia ya kubadilisha katikati ya mlima, na kompyuta hupunguza au kuongeza msukumo wake haraka kuliko injini yoyote inavyoweza. Ukitazama ile picha ya mtiririko wa nguvu kwenye skrini ya dashibodi, utaona mshale wa nyuma unawaka mara tu unapoondoka, kabla tairi lolote halijateleza.

Trail inafaa pale gurudumu moja linapokuwa halina mshiko kabisa na jingine linao, kwa mfano ukiwa umeingia kwenye theluji laini ya ukingoni. Mfumo hulibana kwa breki gurudumu linalozunguka bure ili nguvu iende kwa lenye mshiko, kwa kuwa difu ya nyuma (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma) peke yake ingepeleka nguvu kwa lile linaloteleza. Kile kitufe chenye alama ya gari linaloteleza, ukikibonyeza na kukishikilia gari likiwa limesimama, huzima udhibiti wa utelezi. Kina matumizi yake kwenye theluji nene, ambapo unahitaji magurudumu yazunguke ili yachimbe njia. Kwenye barafu usikiguse, kwa sababu tairi linalozunguka juu ya barafu huiyeyusha kidogo na kuisugua ikawa nyororo zaidi, na baada ya sekunde chache umejitengenezea mahali pabaya kuliko palipokuwa. Haya magari yamesogea mbele sana kwenye jambo hili. Prius za kizazi cha pili zilikata nguvu kabisa tairi likiteleza, na madereva wengi walizilalamikia kwa kubaki zimesimama mlimani.

Gari likigoma katikati, usilazimishe. Nyoosha usukani, kanyaga breki, hakikisha nyuma hakuna mtu, weka rivasi, na ushuke polepole mpaka sehemu bapa ukiwa umetazama nyuma. Likianza kuteleza lenyewe kurudi nyuma, weka magurudumu yanyooke na usiyageuze, maana gari likikaa upande kwenye mteremko huwezi tena kuliongoza.

---

Baridi_Trondheim

Kwa mdogo wetu wa Minneapolis: kabla hujaenda Duluth, tafuta uwanja mpana wa maegesho usio na magari, siku yenye theluji, na ufanye zoezi la kukanyaga breki kwa nguvu ukiwa kwenye mwendo mdogo. Uisikie ABS kwa mguu wako mahali ambapo hakuna cha kugonga. Fanya pia zoezi la kukata kona huku ukiwa umekanyaga breki, uone jinsi gari linavyokataa kugeuka mpaka upunguze mguu.

---

Mgeni_Minneapolis

Ahsanteni sana. Nimeshaagiza matairi manne ya majira ya baridi, na zoezi nitalifanya. Swali la mwisho kwa fundi: ikitokea nimeingia mtaroni na nikahitaji kuvutwa, gari hili livutweje?

---

FundiNjiro_Arusha

Mdogo wangu, hapa uwe mkali kwa anayekuja kukuvuta. Mwambie mapema kwamba ni haibridi ya AWD yenye mota nyuma. Kutolewa mtaroni kwa umbali mfupi kwa kutumia ndoano ya gari ni sawa. Kusafirishwa barabarani huku magurudumu ya mbele au ya nyuma yakiburuzwa chini hairuhusiwi, kwa sababu magurudumu yakizunguka yanazizungusha mota, na mota inayozungushwa huzalisha umeme hata kama gari limezimwa; hapo unaweza kuunguza vitu vya gharama kubwa. Dai lori la kupakia gari zima juu, au lile lenye vigurudumu vya kuwekwa chini ya ekseli nyingine. Akisema magari yote ya AWD ameyavuta hivyo hivyo bila tatizo, mwonyeshe ukurasa wa kuvuta gari kwenye kitabu cha mwenye gari, na usimpe ufunguo mpaka ausome.